Kiti Kilichochoka Kukaa

Tarehe tisa mwezi wa pili mwaka 1988, mume wangu alifariki hapa Bunia, na mimi nikapoteza Jumapili. Siku nyingine zilibaki. Jumatatu nilikwenda sokoni, Jumatano nilifua, Ijumaa nilichambua maharage. Lakini Jumapili, misa ikiisha, sikujua tena miguu yangu inaelekea wapi. Kwa miaka mingi siku hiyo ilikuwa na njia yake. Tulitoka kanisani, tukala nyumbani, halafu yeye alibeba kiti kichwani, mimi nikamfuata nyuma, tukaenda nganda.

Najua maneno haya yanavyosikika. Mama wa watoto, mtu wa kanisa, anamlilia mumewe kwa kukumbuka mahali pa kunywa pombe. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la sita, na kupamba mambo sikufundishwa. Ninaandika yalivyokuwa.

Mume wangu alikuwa seremala. Alitoka milima ya upande wa Mahagi, kwa watu wanaolima na kushuka ziwani kuvua samaki. Mimi ni mtoto wa watu wa ng'ombe, wa hapa karibu. Alikuja kutengeneza madirisha ya masista, nami nilikuwa nikifagia uani. Aliniomba maji ya kunywa, akayanywa, akasema maji ya kwetu yana ladha ya chuma. Nikamwambia arudi kunywa ya kwao. Hakurudi. Mwaka 1974 tulifunga ndoa kanisani, mahari ikiwa imetolewa na wazee wa pande zote mbili wakiwa wameridhika.

Wazee waliridhika kwa maneno. Baba yangu, huyo alikuwa na jambo lake.

Baba alikuwa amefanya kazi ya kuchanja ng'ombe wa watu tangu wakati wa Wabelgiji. Siku moja ng'ombe alimpiga teke kwenye nyonga, na tangu hapo alitembea kwa fimbo, na hakuweza kukaa muda mrefu mahali pasipo na mgongo wa kuegemea. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia safi. Alikuwa na mdogo wake aliyekufa kijana, baada ya kunywa pombe kwenye karamu ya watu wa mbali. Kuna waliosema ni sumu, kuna waliosema ni tumbo tu. Baba hakubishana na mtu yeyote. Aliacha tu kunywa chochote katika nyumba isiyokuwa yake.

Huku kwetu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako. Tunaita kutosha sumu, yaani kuitoa. Mume wangu alijua hilo, hata kwao wanafanya. Kila mara baba alipokuja kututembelea pale mtaa wa Nyakasanza tulipopanga, mume wangu alimletea chai, akamimina kidogo katika kikombe chake mwenyewe, akanywa, akaonyesha kwamba amemeza, ndipo akampa baba kile kikombe kingine kwa mikono miwili. Baba alisema, "Asante, mukwe." Alikipeleka mdomoni. Alikishika muda wote wa mazungumzo. Alipoondoka, nilikuta kikombe kimejaa kama kilivyotolewa, na utando juu.

Hakumtukana mume wangu hata siku moja. Hakusema neno baya juu ya kabila lake. Alirudisha kikombe kikiwa kimejaa, basi.

Jioni moja mume wangu alikichukua kile kikombe kabla sijamwaga, akakitazama.

"Angenichukia ningejua ya kufanya," akasema. "Mutu wa chuki unaweza kumungojea apoe. Huyu hanichukii."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka anywe. Mara moja tu. Kitu kitoke mu mikono yangu, kiingie mu tumbo yake."

Nilicheka, kwa sababu alisema kama mtu anayetaka kufunga bawaba. Lakini nilimwona usoni, nikaacha kucheka. Ndipo nikakumbuka neno ambalo baba alikuwa amelisema zamani, nilipokuwa msichana: kwamba afadhali bia ya nganda, kwa maana mtu anaifungua chupa mbele ya macho yako na chupa haina ndugu.

Nikamwambia mume wangu. Akakiweka kikombe chini. Halafu akasema, "Basi tutatafuta nganda."

Kwa asiyejua, nganda si baa ya mjini yenye kaunta na mlango. Ni parseli ya mtu, kiwanja chenye nyumba yake. Mama mwenye nyumba anafagia ua, anaweka mabenchi, anajenga paa dogo la majani, anaweka chupa ndani ya maji ya baridi na nyama ya mbuzi juu ya makaa, na watu wanaingia. Nyakasanza ilikuwa na nganda nyingi, kwa sababu Nyakasanza ilikuwa na watu wa kila upande. Kila mmoja aliyekuja Bunia kutafuta kazi alileta lugha yake, na baada ya lugha alileta pombe yake.

Tulianza kuzunguka mwaka 1976, Jumapili baada ya Jumapili. Kwanza tulikwenda kwa mabwana wafanyabiashara waliotoka upande wa Beni. Bia ilikuwa baridi kweli, glasi safi, lakini walikuwa na kinanda cha sahani za santuri kilichopiga muziki mpaka kuku wa jirani walihama. Mume wangu aliniinamia sikioni akapiga kelele, "Papa yako atapenda hapa?" Mimi nikajibu, "Nini?" Tukaondoka.

Kulikuwa na mama mmoja wa Ariwara aliyetengeneza kwete, pombe ya mahindi, nzito, ya rangi ya udongo. Mume wangu aliipenda sana. Mama huyo aliimimina katika kibuyu kimoja, na kibuyu kilizunguka kutoka mdomo hadi mdomo. Nilimfikiria baba na kofia yake safi, akipokea kibuyu kutoka kwa mtu mwenye masharubu yenye povu. Mume wangu alisoma mawazo yangu. "Hapana," akasema, akakipitisha kwa jirani yake. Lakini alirudi pale peke yake mara kadhaa, sitaficha.

Mahali pengine palikuwa pa mke wa askari. Palikuwa pazuri, na maua, lakini askari walikuja kunywa na kuanza kuulizana nani ni mkubwa wa nani. Siku hiyo mume wangu alikunywa kupita kiasi kwa sababu ya woga, akaanguka katika mfereji karibu na nyumbani, na shati lake la kanisani likaharibika. Nililifua. Tulikaa siku mbili bila kuongea. Nasema hili ili msidhani kila Jumapili ilikuwa tamu.

Kuna nganda moja tuliingia, watu wakasogea kwenye benchi, si kutupisha, bali kujitenga. Mmoja akasema kwa lugha ya kwetu, akidhani mimi pia ni wa kwao mume wangu na sote wawili hatusikii, "Huyu naye ameleta samaki wake wa ziwa hapa." Nilimjibu kwa lugha hiyo hiyo kwamba samaki wa ziwa wanauzwa kwa bei nzuri kuliko ulimi wake. Aliangusha mfupa wa mbuzi. Mume wangu aliniuliza nimesema nini. Nikamwambia nimeuliza bei ya nyama.

Halafu tukapata kwa mama mmoja aliyetoka mji wa Fataki, tuliyemwita mama wa Fataki.

Parseli yake ilikuwa chini kabisa, unakoelekea mtoni, ambako hakuna mtu angekwenda kutafuta kitu. Hakuwa na paa la majani. Alikuwa amepandisha marakuja, mmea wa matunda ya pasheni, juu ya miti, majani yakafunika kila kitu, na kivuli chake kilikuwa cha kijani, chenye baridi. Mara nyingine tunda lilianguka juu ya meza katikati ya maneno ya mtu, na mama alisema, "Mungu amekata shauri," na watu walinyamaza. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Glasi aliziosha kwa maji ya moto mbele yako. Alikuwa na bia ya chupa, na pia kasiksi, pombe ya ndizi aliyoitengeneza mwenyewe. Alipoleta kasiksi aliionja, na hakuionja kama wengine wanaolowesha midomo tu. Alivuta mdomo mzima, akameza, akafungua kinywa ukaona ulimi.

Siku ya kwanza alituuliza tunywe nini. Hakuuliza sisi ni watu gani. Mtu mmoja kwenye benchi ndiye aliyeuliza, "Bwana, weye kabila gani?"

Mama akamkatiza kutoka jikoni. "Hapa kabila iko moja. Wenye kiu. Kama huna kiu, rudi kwenu."

Mume wangu alinitazama. Nami nilimtazama. Tulikuwa tumepata.

Lakini mama wa Fataki, kama wote, alikuwa na mabenchi tu. Na hapo ndipo jambo lilipokuwa gumu. Kwa desturi ya baba, mkwe na baba mkwe hawakai benchi moja. Ni kama kulala kitanda kimoja. Hata kanisani, baba alihakikisha mtu yuko kati yao, na siku moja alimvuta mtoto wa watu asiyemjua akamketisha pale katikati kama mto. Tena benchi haina mgongo, na nyonga yake isingeweza.

Mume wangu alianza kubaki kwenye karakana yake baada ya kazi. Alikuwa na vipande vya libuyu, mbao nyekundu, ngumu, alivyokuwa ameviweka kwa ajili ya kitanda chetu. Tuliendelea kulala kwenye kitanda cha zamani. Alitengeneza kiti chenye mgongo mrefu na mikono miwili, na alikifanya kuwa juu kidogo kuliko viti vya kawaida, ili mtu mwenye nyonga mbaya asihangaike kuinuka, na pia, nadhani, ili baba awe juu. Alikipiga msasa mpaka mkono ukipita husikii kitu. Kisha akajitengenezea yeye mwenyewe kigoda kifupi.

Jumapili ile alikibeba kiti kichwani, miguu ya kiti ikiangalia mbinguni, kigoda nikakibeba mimi. Kutoka kwetu mpaka kwa mama wa Fataki unapita mashini ya kusaga, na pale nje vijana walikuwa hawakosekani, wamekaa juu ya magunia wakingoja mtu wa kumcheka.

"Seremala! Bibi amekufukuza?"

"Unahama na kiti moja tu? Kitanda iko wapi?"

Mume wangu hakusimama. "Niko natembeza kiti," akasema. "Imechoka kukaa."

Walicheka mpaka unga ukaruka. Tangu siku hiyo walimuuliza kila Jumapili na alijibu vilevile kila Jumapili, na wao walicheka kama hawajawahi kusikia.

Baba alikuja. Nilikuwa nimekwenda kumwambia mwenyewe kwamba kuna mahali penye kivuli, hakuna kelele, chupa inafunguliwa mbele ya macho, na kiti ni chake peke yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu: "Kiti iko na mgongo?"

Alikaa. Aliweka fimbo kati ya magoti. Aliegemea nyuma taratibu, kama mtu anayejaribu daraja, na nilimwona akigundua kwamba mgongo wa kiti umefika pale hasa alipouhitaji. Mume wangu alikaa kwenye kigoda chake, chini, mbali kidogo. Mimi nilikaa kwenye benchi na wanawake wawili waliokuwa wakila makayabu, samaki wa chumvi. Karibu nasi alikuwa bwana mmoja wa ofisi, amevaa vizuri abakosi yake, ile suti isiyo na tai ya wakati ule, beji ya chama kifuani, glasi tupu mbele yake.

Sasa lazima nieleze. Miaka ile nchi yetu ilikuwa imebadilishwa jina. Nchi iliitwa Zaire, mto uliitwa Zaire, hata pesa ilikuwa zaire. Jina la zamani watu walikuwa hawalitaji ovyo, hasa mbele ya mtu mwenye beji, na baba, aliyekuwa amefanya kazi ya serikali mbili, alikuwa mwangalifu kuliko wote. Na mume wangu alikuwa na tabia moja. Akiwa na wasiwasi, Kiswahili kilimkimbia na lugha ya kwao ikaingia mahali pake. Sasa kwa lugha ya kwao, Kialur, pombe ya aina yoyote ile inaitwa kongo.

Basi aliinuka kwenye kigoda, akageukia jikoni, na kwa sauti kubwa ya mtu aliyeogopa akaita:

"Mama! Kongo iko?"

Benchi zote zilinyamaza. Bwana wa beji aliinua kichwa.

Baba alishika mikono ya kiti. "Mukwe," akasema polepole, "unauliza nini?"

Mume wangu hakuelewa. "Nauliza kama kongo iko, papa."

Na mama wa Fataki, ambaye aliishi na watu wa Mahagi ujana wake wote na kusikia neno lile kila siku, alijibu kutoka jikoni kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe:

"Kongo iko! Iko mingi! Iko baridi!"

Baba alianza kuinuka. Nyonga ilimkataza, kiti kilikuwa na mikono, akabaki nusu, hajakaa hajasimama. "Mutoto yangu," akaniambia, "chukua fimbo. Watatufunga siye wote."

Hapo ndipo nilipoelewa mimi. Nilitaka kusema, lakini nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Mama wa Fataki alitoka na chupa mbili, akaona nyuso, akasimama.

"Ni nini? Kuna mufu?"

"Unasema Kongo iko," bwana wa beji akamwambia. Hakuwa amekasirika, alitaka tu kujua.

"Si ndiyo hii!" Akainua chupa juu. "Kongo! Watu wa Mahagi wanaita pombe hivyo tangu babu ya babu. Weye unafikiri nimeficha inchi nzima mu jiko yangu?"

Bwana wa beji alimtazama mama, akazitazama chupa, akamtazama mume wangu aliyesimama pale kama mtoto aliyevunja chungu. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafungua kifungo cha juu cha abakosi. Akainua glasi yake tupu.

"Basi, mama, mukwe wa muzee apate kongo yake. Lakini mimi uniletee Zaire moja, ya baridi."

Benchi zote ziliangua kicheko. Mmoja wa wanawake wale alipaliwa na makayabu nikampiga mgongoni. Na baba, ambaye sikuwahi kumwona akicheka mbele ya watu wasio wa kwetu, alirudi kwenye kiti polepole, akavua kofia, akaiweka usoni. Mabega yalikuwa yakitikisika. Nilidhani analia. Alipoiondoa kofia macho yake yalikuwa na machozi, lakini ya kicheko, na alikuwa akirudia peke yake, "Iko mingi. Iko baridi."

Mume wangu, kwa aibu, alifanya kile alichokuwa amejiandaa kukifanya. Alichukua chupa iliyofunguliwa mbele ya macho ya baba. Akamimina katika glasi ya baba, akaiweka mbele yake. Akamimina kidogo katika glasi yake ili aonje kwanza, atoshe sumu. Aliinua glasi.

Baba alikuwa tayari anakunywa.

Kicheko kilikuwa kimemkausha koo, alinyoosha mkono akachukua kilichokuwa karibu. Alikunywa kama mtu aliyetoka kuchanja ng'ombe juani. Mume wangu alibaki ameshika glasi yake hewani, hajaonja. Baba alipoishusha yake aliona. Aliitazama glasi ya mkwe wake, ambayo ilikuwa haijaguswa. Aliitazama yake, ambayo ilikuwa imefika nusu. Tunda halikuanguka.

"Basi," baba akasema. "Imekwisha ingia."

Akamaliza iliyobaki.

Usiku ule mume wangu hakuweza kutulia. Alizunguka chumbani akishika vitu na kuviweka. Alisema maneno machache tu, "Umeona? Umeona?" nami nikamwambia nimeona.

Baada ya hapo baba alikuja Jumapili nyingi, kwa miaka. Hawakuwa marafiki wa kuambiana siri. Walizungumza juu ya mbao na magonjwa ya ng'ombe, na kila mmoja alikuwa akimsikiliza mwenzake kwa heshima bila kuelewa sana. Lakini baba alipofika mlangoni kwetu hakubisha hodi tena. Alisimama nje, akasafisha koo, akauliza, "Kongo iko?" Na mume wangu alijibu kutoka ndani, "Iko mingi!" na kwenda kuchukua kiti. Mara chache hata watoto wetu walijibu. Walidhani ni salamu ya Kialur.

Sitadanganya, nyumbani kwetu baba aliendelea kutokunywa. Chai niliyompa ilirudi imejaa, miaka yote hiyo. Kwa mama wa Fataki alikunywa kutoka mkononi mwa mume wangu bila kungoja aonje, lakini chini ya paa letu, hapana. Mume wangu alisema haidhuru. "Niliomba mara moja," alisema. "Nimepata zaidi."

Mwaka 1987 alianza kukonda, macho yakawa ya njano. Wengine walisema ni pombe. Muuguzi alisema ini, hakusema sababu, na mimi sijui. Alipokatazwa bia aliendelea kwenda na kiti chake Jumapili, akaagiza maji ya moto, akayanywa kwenye glasi ya bia ili baba asinywe peke yake. Mara ya mwisho alishindwa kukibeba, tukakishika wawili, yeye mbele mimi nyuma. Vijana wa mashini hawakuuliza kitu siku ile. Nilitamani wangeuliza.

Wakati wa kilio watu walijaa parseli yetu, wa Mahagi, wa kwetu, wa Ariwara, wa kila mahali. Mama wa Fataki alileta kuni na akakaa jikoni usiku wote bila kusema. Baba alikaa uani kwenye kiti kile. Nilipita na sinia la vikombe, nikampa chai kama nilivyompa sikuzote. Hakukuwa na mtu wa kuonja mbele yake, na mimi sikufikiria. Baadaye, nikiosha, nilikishika kikombe chake. Kilikuwa kitupu. Huenda chai aliimwaga chini, watu walikuwa wengi na sikuona. Sikumuuliza na sitamuuliza.

Matanga yaliisha. Kiti nilikiweka pembeni mwa ukuta, nikakifunika kitambaa. Jumapili zilipita. Nilikaa ndani nikichambua kitu chochote, hata mchele uliokuwa umechambuliwa.

Halafu Jumapili moja, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza, nilisikia fimbo nje. Nilingoja. Baba alisafisha koo. Hakuuliza kama kongo iko. Alisema, "Mutoto yangu, kiti iko wapi?"

Nilikifunua. Nilikunja kitenge kuwa kata ili nikibebe kichwani.

"Acha," akasema.

"Baba, nyonga."

"Nyonga ni yangu."

Alivua kofia akanipa mimi. Aliinama, akakigeuza kiti miguu juu, akakitwika kichwani kama alivyokuwa akifanya mume wangu, akainuka kwa shida, mkono mmoja ukishika kiti na mwingine fimbo. Nilitembea nyuma yake nikibeba kigoda na kofia. Tulikwenda polepole sana. Kila baada ya mwendo mfupi alisimama, akakiteremsha, akakaa juu yake pale pale kando ya barabara, na watu walitusalimu kana kwamba wametukuta nyumbani. Kisha aliinuka akakibeba tena. Sikujaribu kukichukua.

Pale mashini ya kusaga, vijana walikuwa juu ya magunia. Walikuwa wengine sasa, wale wa zamani walikuwa wameoa. Walimwona mzee na kiti kichwani, na mmoja hakuweza kujizuia.

"Muzee! Unahama?"

Baba alisimama. Aligeuka mwili mzima kwa sababu ya mzigo, akamtazama kijana yule.

"Niko natembeza kiti," akasema. "Imechoka kukaa."

Wakacheka. Baba alikiweka kiti sawa kichwani, tukateremka kuelekea kwa mama wa Fataki.